UZI: Basari tunaisikia kila siku. Na mtoto wa miaka miwili pale Daraja Mbili je?

1/ Mdahalo wowote wa siasa Kisii na Nyamira ukifika kwa mambo ya watoto, neno ni moja: basari. Nani alitoa ngapi, nani alificha, nani atatoa zaidi akichaguliwa. Sawa. Lakini kuna mtoto ambaye basari haimhusu, juu hajafika umri wa shule. Ana miaka miwili, na mama yake yuko sokoni tangu alfajiri. Leo tumwongelee huyo. Uzi ni mrefu, vuta kiti.

2/ Kanuni yetu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunaeleza hoja tu, ili mheshimiwa akishika maikrofoni ujue anachosema, na ujue pia alichokiruka.

3/ Tuanze na Daraja Mbili, lile soko la wazi mjini Kisii. Mama wa ndizi ama wa mboga hawezi kufika saa tatu asubuhi. Mzigo wa bei nzuri unashuka kukiwa bado giza. Kama ana mtoto mdogo, kabla ya kutoka nyumbani lazima ajibu swali moja: huyu namwacha wapi? Na swali hilo halijibiwi mara moja likaisha. Kesho linarudi vile vile.

4/ Majibu ni manne, na mnayajua.
Moja: amfunge mgongoni, mtoto ashinde chini ya meza juu ya gunia, na mvua ya Kisii inapiga hodi kila mchana.
Mbili: amwachie jirani, ambaye naye ana wake watatu.
Tatu: amlipie mama fulani wa ploti anayekaa na watoto chumbani kwake, kile mtaani tunaita deikea.
Nne: amwache na dada mkubwa. Na huyo "dada mkubwa" mwenyewe yuko gredi ya tatu.

5/ Hilo jibu la nne wengi wetu tulilelewa nalo. Mimi pia, mgongo wa dada yangu naukumbuka kuliko kitanda chochote. Kwa Ekegusii mtoto mlezi ana jina lake, omoreri. Watafiti wawili kutoka Marekani, Robert na Barbara LeVine, waliokuwa Gusii katikati ya miaka ya 1950, waliandika kuhusu malezi haya: mama anaenda shambani, mtoto mkubwa anabaki na mdogo, anambeba, anambembeleza, anamlisha. Haukuwa uzembe wa mama. Ulikuwa mpango, na kila mtu bomani aliuelewa.

6/ Lakini mpango ule ulikuwa na masharti yake. Shamba liwe karibu. Nyanya awe karibu. Boma liwe na watu wazima wa kusikia mtoto akilia. Na omoreri asiwe mwanafunzi. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilifanywa bila malipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikasema ni kosa mzazi kumkalisha mtoto nyumbani wakati wa masomo. Hakuna mtu mwenye akili anataka turudi nyuma hapo. Ila omoreri alipovaa sare akaenda shule, hakuna serikali iliyouliza nani amechukua kazi yake.

7/ Na shamba lenyewe? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ni watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba, Nyamira zaidi ya 670. Hii ni kati ya sehemu zilizosongamana sana nchini, na wengi bado wanategemea kipande cha ardhi kilichogawanywa kutoka kwa babu hadi mjukuu. Kipande kikishakuwa cha kujenga nyumba tu, watu wanateremka mjini. Mji wa Kisii peke yake ulikuwa na zaidi ya watu 110,000 mwaka huo.

8/ Kwa hivyo tunazungumzia Nubia, Mwembe, Nyanchwa, Jogoo, Daraja Mbili. Tunazungumzia Nyamira mjini, Keroka, Nyansiongo. Chumba kimoja, kodi ya kila mwezi, jirani ambaye pengine alihamia wiki jana. Nyanya yuko nyumbani Bobasi ama Borabu, na nauli ya kumfikia ni faida ya siku nzima ya mboga. Umaskini wa mjini uko hivyo. Chakula kinaweza kupatikana, lakini mtu wa kukushikia mtoto hayupo.

9/ Sasa tuje kwa siasa. Hii ni kazi ya nani?
Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kipengele cha 9. Hapo kazi za kaunti zimeorodheshwa: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani, na vituo vya kutunzia watoto. Soma hiyo ya mwisho tena. Imetajwa kwa jina. Si jambo la kutafsiri wala la kubahatisha.

10/ Basari ya sekondari haimo kwenye kipengele hicho. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ziko upande wa serikali ya kitaifa. Ndiyo sababu mapema 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka wa kuzuia kaunti kutoa basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa. Magavana walipinga, kesi ikafika mahakamani, na mitandao ikawaka moto kwa wiki kadhaa.

11/ Mlikumbuka kuona nini kwenye ule moto? Mimi niliona pande mbili zikizozana kuhusu kazi ambayo Katiba haikuipa kaunti. Sikuona mtu hata mmoja akiuliza habari ya ile kazi ambayo Katiba iliipa kaunti kwa jina. Miaka imepita tangu kaunti zianze 2013. Uliza hapo ulipo: kituo cha kaunti cha kutunzia watoto kiko wapi? Ukikijua, tuandikie hapa chini, tukisifu kwa jina.

12/ Msinielewe vibaya. Sisemi basari ni mbaya. Karo ya shule nyingi za bweni za serikali iliwekwa sh 40,535 kwa mwaka, na zile za kitaifa sh 53,554. Mzazi anayepata basari ya sh 5,000 hawezi kuitupa. Lakini piga hesabu: sh 5,000 haifiki hata moja ya nane ya hiyo 40,535. Mtoto bado anarudishwa nyumbani muhula wa pili. Picha ya hundi imeshapigwa, lakini.

13/ Na hapo ndipo siasa yenyewe ilipo. Basari ina orodha ya majina, ina siku ya kutolewa, ina hundi kubwa ya karatasi inayoshikwa na watu sita. Anayepewa anajua amepewa na nani. Mlezi wa watoto hana siku ya kukata utepe. Kazi yake ni kuosha, kulisha, kubembeleza na kulaza, halafu kesho aanze upya. Hakuna kiongozi anayekuja kupigwa picha mtoto akibadilishwa nepi. Pesa zinafuata picha.

14/ Kuna mtu atajibu: "Kaunti imejenga madarasa ya nasari na kuajiri walimu." Ni kweli, na ni kazi nzuri. Lakini nasari inaanza miaka minne. Mama aliyeajiriwa kwa barua ana likizo ya uzazi ya miezi mitatu kisheria. Mama mboga hana hata siku moja, lakini tumpe hiyo mitatu kwa mfano tu. Kutoka miezi mitatu hadi miaka minne ni miezi 45. Kwa miezi 45 mtoto huyo hana ofisi inayomjibia.

15/ Ongeza hili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha mama kunyonyesha mahali pa kazi. Vizuri sana kwa mwenye mwajiri. Na mama wa sokoni mwajiri wake ni nani? Hana. Lakini mahali pake pa kazi pana mwenyewe. Soko ni la kaunti. Kaunti ndiyo inamkatia risiti ya ushuru asubuhi. Ukinitoza kwa kukaa mahali, angalau niulize mtoto wangu anakaa wapi.

16/ Je, deikea inasaidia kweli ama ni maneno matamu? Kuna utafiti uliofanywa Korogocho, Nairobi, na mtaa ule na wetu hawatofautiani sana kwa shida hii. Akina mama walio na watoto wadogo waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa vocha ya kulipia deikea, wengine hawakupewa. Waliopewa walikuwa na kazi kwa asilimia 8.5 zaidi, yaani katika kila akina mama 100, karibu tisa zaidi walikuwa wanafanya kazi. Na akina mama wanaolea peke yao waliweza kuhamia kazi za saa chache bila kipato kushuka.

17/ Tafakari hiyo sehemu ya mwisho. Mama alipata masaa yake bila kupoteza pesa. Hakupewa mtaji, semina wala fulana. Alipewa mahali salama pa kumwacha mtoto, mengine akafanya mwenyewe. Kila mwaka wa kampeni tunaahidiwa "kuinua akina mama". Kumbe mwingine anataka tu mikono yake miwili iwe huru hadi saa kumi jioni.

18/ Turudi kwa mama wa ploti anayelea watoto wa wenzake. Usimdharau. Yeye ndiye anashikilia uchumi wa soko na hakuna anayemtaja. Lakini pia tuseme ukweli: chumba kimoja, watoto kumi au zaidi, jiko la makaa kando ya mlango, hakuna maji ya kunawa, na wakati mwingine uji ni maji na sukari. Mtoto akiugua mmoja, wameugua wote. Hajafunzwa na mtu, na hakuna anayekuja kumkagua.

19/ Hapa viongozi huwa na jibu moja la haraka: "Tutafunga vituo vyote haramu!" Umati unapiga makofi. Haya, mmefunga. Kesho asubuhi hao watoto kumi wako wapi? Chini ya meza sokoni, ama wamefungiwa ndani na kufuli. Nairobi kuna shirika linaitwa Kidogo lililochukua njia nyingine: linawatafuta wanawake ambao tayari wana deikea mtaani, linawafundisha, linawasaidia kuboresha chumba na kuendesha kazi kama biashara. Kaunti ya Nairobi nayo ilipitisha sheria ya vituo vya kutunzia watoto mwaka 2017. Sheria peke yake haileti uji, lakini angalau inampa mtu wa kuulizwa.

20/ "Lakini kuna Inua Jamii." Ndiyo, na imesaidia wengi. Ni sh 2,000 kwa mwezi kwa kaya iliyosajiliwa: wazee wa miaka 70 na zaidi, watu wenye ulemavu mkubwa, na kaya zinazolea mayatima na watoto walio katika hatari. Kaya ikiwa na mtoto mmoja ama watano, ni 2,000 tu. Chukua mfano: deikea ya sh 80 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni sh 2,080. Pesa yote imeisha kwa mtoto mmoja na hajavaa kiatu. Na mama maskini tu, mwenye afya, asiyelea yatima, hayumo hata kwenye hiyo orodha.

21/ Kitu kingine tulicho nacho tayari ni wahamasishaji wa afya ya jamii. Septemba 2023 zaidi ya 100,000 walizinduliwa nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa. Kila mmoja anahudumia karibu nyumba 100. Posho yao ni sh 5,000 kwa mwezi, nusu serikali ya kitaifa, nusu kaunti. Hawa wanajua ploti gani ina watoto wangapi, nani hajachanjwa, na deikea iko mlango wa ngapi. Orodha ambayo ofisi haina, wao wanayo kichwani. Kaunti ikitaka kuanza, ianze kwa kuwauliza.

22/ Sasa zile hoja mtakazozisikia jukwaani, na namna ya kuzijibu.

HOJA YA KWANZA: "Kulea mtoto ni kazi ya mama yake."
Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema ni kazi ya mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Kwa hivyo anayesema "mama yake" amekwisha kumsamehe mtu mmoja. Kifungu hicho hicho kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, makazi na matibabu. Mzazi ni wa kwanza, ndiyo. Lakini mzazi hawezi kuwa sokoni na nyumbani saa hiyo hiyo.

23/ HOJA YA PILI: "Makanisa na mashirika yanafanya hiyo kazi."
Gusii makanisa, hasa Wakatoliki na Waadventista, yamejenga shule na hospitali tangu enzi za wakoloni, hatuwezi kukana. Ila mradi wa shirika una mwisho. Mfadhili akiondoka, bango linabaki, uji unaisha. Halafu kuna jambo nyeti: mtoto wa familia maskini kupelekwa kwa nyumba ya watoto kwa sababu mama hana pa kumwacha. Mwelekeo wa nchi, tangu Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa mageuzi ya malezi uliozinduliwa mwaka huo huo, ni mtoto akae na familia yake na familia isaidiwe. Deikea ya sokoni ni njia mojawapo ya kumzuia mtoto asiwe "yatima" ambaye mama yake yuko hai.

24/ HOJA YA TATU: "Kaunti haiwezi kuajiri tena, mishahara imezidi."
Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, tuipe heshima. Kanuni za fedha za kaunti zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na kaunti nyingi zimepita hapo. Na tusijidanganye: nafasi 200 za walezi zikitangazwa leo, kesho zimegawanywa kwa wapiga debe. Lakini kaunti si lazima iajiri. Inaweza kutoa chumba, maji, mafunzo na ruzuku kwa chama cha wanawake wa soko, nao wachague walezi wao. Kufanya kazi kwa zamu hatujafundishwa na mtu. Bibi zetu walilimiana mashamba kwa risaga, leo ya huyu, kesho ya yule.

25/ HOJA YA NNE: "Pesa hakuna."
Tupige hesabu, na hizi ni tarakimu za mfano, badilisha na zako. Chumba kimoja sokoni, watoto 30, walezi watatu wa sh 16,000. Hiyo ni sh 48,000 kwa mwezi, sh 576,000 kwa mwaka. Wazazi wanachanga sh 30 kwa siku kwa kila mtoto, siku 26: sh 23,400 kwa mwezi, ya uji, maziwa na sabuni. Kaunti inalipia walezi, wazazi wanalipia chakula.

26/ Hiyo 576,000 ni sawa na basari za sh 5,000 kwa wanafunzi 115. Huo ndio uamuzi halisi, na si rahisi: wanafunzi 115 wapate sehemu ndogo ya karo, ama akina mama 30 wafanye kazi mwaka mzima na watoto wao wakiwa salama. Mtu mzima anaweza kuchagua upande wowote na akaeleza sababu. Ninacholalamikia ni kwamba hatujawahi kuulizwa. Tumeletewa upande mmoja tu wa mizani.

27/ Na usiseme kaunti haziwezi kulisha watoto. Nairobi ilianza Dishi na County mwaka 2023: majiko makubwa, chakula cha mchana shuleni, mwanafunzi analipa sh 5. Unaweza kuukosoa mradi ule ukitaka, lakini umeonyesha kwamba chakula cha maelfu ya watoto ni suala la mpango na bajeti. Na hao ni wanafunzi wa shule za msingi, ambao si jukumu la kaunti. Wa miaka miwili, ambao ni jukumu lake, bado wanangoja.

28/ HOJA YA TANO: "Tunajenga soko la kisasa."
Karibuni. Swali ni moja: kwenye ramani ya hilo soko, chumba cha watoto kiko wapi? Ramani ina ofisi ya karani wa ushuru, ina vyoo, ina maegesho. Chumba kimoja chenye dirisha, maji na mlango unaofungwa, wakati wa kujenga, ni gharama ndogo sana. Baada ya kujenga, kila futi imeshapata mwenyewe, na hapo utaambiwa "tutaangalia awamu ya pili". Awamu ya pili tunaijua.

29/ Nimalizie hoja na Keroka, maana Keroka inasema yote. Mji umekaa mpakani, upande huu Kisii, upande ule Nyamira, na kwa miaka mingi kaunti mbili zimevutana kuhusu nani akusanye ushuru pale. Wafanyabiashara wamelalamika kutozwa na pande zote mbili. Sasa hebu fikiria mama wa Keroka na mtoto mgongoni. Kaunti mbili zinagombania shilingi zake. Mimi sijawahi kusikia hata siku moja zikigombania nani atamshikia mtoto.

30/ Basi tufanye nini? Bajeti ya kaunti ina kalenda, na kalenda hiyo iko kwenye sheria ya fedha za umma ya 2012:
• 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika bunge la kaunti. Kitu kisipokuwa humo, baadaye utaambiwa "haikupangwa".
• 28 Februari: taarifa ya mikakati ya fedha, inayosema kila idara itapata kiasi gani.
• 30 Aprili: makadirio ya bajeti.
• 30 Juni: bajeti iwe imepitishwa.
Kabla ya kila moja lazima wananchi washirikishwe. Tangazo likitoka la kikao cha umma kwa wadi yako, hicho ndicho kiti chako. Shida ni kwamba vikao hivi huwekwa mchana wa siku ya kazi, na mama mwenye swali hili yuko sokoni na mtoto mgongoni. Kwa hivyo nenda wewe uliye na nafasi, na umsemee.

31/ Kisii ina wadi 45, Nyamira 20. Kila mwakilishi wadi na kila anayemezea mate kiti hicho aulizwe maswali haya matano, kwa upole na bila matusi:
Moja, wadi yetu ina deikea ngapi, na nani amewahi kuzikagua?
Mbili, bajeti ya mwaka huu imetenga shilingi ngapi kwa vituo vya kutunzia watoto? Taja ukurasa.
Tatu, soko letu lina chumba cha watoto, ama litakuwa nacho lini?
Nne, uko tayari kuhamisha kiasi gani kutoka kwa nini ili hili lifanyike?
Tano, nani atachagua walezi, wewe ama akina mama wenyewe?

32/ Lile la nne ndilo la kupima mtu. Yeyote anaweza kuahidi kuongeza. Anayekwambia atapunguza nini ndiye amefungua kitabu cha bajeti. Na akisema atapunguza basari, msimzomee kabla hajamaliza. Msikilizeni, kisha mumbane.

33/ Jambo la mwisho, nje ya siasa. Ukijua mtoto anafungiwa ndani peke yake ama anaumizwa mahali anapoachwa, kuna nambari ya bure ya watoto, 116, na kuna afisa wa watoto katika kaunti ndogo. Kabla ya kumpeleka mama wa watu kwa chifu, lakini, muulize kwanza kwa nini. Mara nyingi jibu lake ni uzi huu wote kwa sentensi moja: "Ningemwacha na nani?"

34/ Kama wewe ni wa Daraja Mbili, Nubia, Keroka, Nyamira mjini ama popote: mtoto wa jirani yako alishinda wapi leo? Andika hapa chini, bila majina. Tukipata majibu ya kutosha tutayapanga kwa wadi, na tarehe za vikao zikitangazwa tutayabeba. Pitisha uzi huu kwa mtu anayeenda vikao.